Mtoto Anayeogopa Kiboko Haleti Habari

(Haya ni maneno yaliyosemwa Gotu na mfanyakazi wa huduma za jamii wa kanisa, mbele ya vikundi vya kujisaidia, siku ya hesabu za mwezi. Yameandikwa karibu kama yalivyosemwa.)

  

Wazee wangu, akina mama, vijana, nawashukuru kwa kuniachia nafasi kabla ya kufungua sanduku. Najua wengine mmeacha mifugo huko mtoni Ewaso Ng'iro na mnataka kurudi mapema, kwa hivyo sitazunguka sana. Niliombwa niongee juu ya vijana wetu waliomaliza shule na hawatulii. Mmoja anaandika barua ya kuomba kazi mara sita na haipeleki. Mwingine alikosa alama za kwenda chuo, na huu ni mwaka wa pili hajakanyaga nyumbani. Mama mmoja aliniambia hivi: "Huyu wangu si mvivu, mwalimu. Ana woga wa kitu ambacho mimi sikioni." Neno hilo limekaa nami muda mrefu. Leo nataka tulitafute pamoja, na nitaanza na mbuzi.

Kijana mmoja wa miaka kama 9 alirudi na mifugo jioni. Alipohesabu karibu na boma akaona mbuzi 3 hawapo. Akawaingiza wale wengine, yeye mwenyewe hakuingia. Mama yake alidhani amelala kwa nyanya yake, na nyanya alidhani yuko kwa mama. Mtoto alilala juu ya jiwe, peke yake, mahali ambapo ninyi mnajua vizuri kuliko mimi ni wanyama gani hupita usiku. Asubuhi ndipo alipopatikana. Mbuzi wawili walikuwa wameliwa na fisi, wa tatu alionekana mchana akiwa hai.

Baba yake alisema maneno ambayo sijayasahau. Alisema, "Kama angeniambia jioni ile, ningechukua tochi. Nyayo zilikuwa bado mbichi." Nikamwuliza kwa nini mtoto hakusema. Yule mzee alinyamaza kidogo, halafu akasema mara ya mwisho mtoto alipopoteza mbuzi mmoja, alimchapa mpaka akashindwa kukaa siku mbili.

Basi mtoto alifanya hesabu yake. Fisi labda atakuja, labda hatakuja. Kiboko kitakuja, hilo hakuna labda. Akachagua fisi.

Nimesema hayo nikijua kwamba mbuzi si mchezo. Baada ya ukame wa 2020 mpaka 2022, mvua ilipokosa msimu baada ya msimu, misimu mitano, kila mtu hapa anajua maana ya mbuzi mmoja. Baba yule alikuwa na haki ya kukasirika. Ninachosema ni kwamba kiboko chake hakikulinda mbuzi. Kilimfundisha mtoto jambo moja tu kwa uhakika: ukikosa, jifiche.

Sasa tumtembeze mtoto kama huyo miaka 15 mbele, tuone anakuwa nani.

Kuna kikundi kimoja, sitasema cha wapi na nimebadilisha mambo madogo ili mtu asijulikane. Kilimchagua binti wa miaka 24 awe mweka hazina. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, ana mwandiko mzuri, hachelewi, hanywi soda ya kikundi. Kila mtu alimsifu. Mwezi mmoja akahesabu pesa za sanduku akaona zimepungua shilingi 600. Hakumwambia mtu. Aliketi usiku na taa ndogo akanakili daftari lote upya, akidhani kwamba likiwa safi kosa litaonekana. Akanakili mara ya pili, mara ya tatu. Mwishowe alikopa 600 kwa simu akatia ndani ya sanduku. Siku ya kulipa ilipofika hakuwa na kitu, akakopa kwingine alipe kule. Baada ya miezi mitatu deni lilikuwa limepita 2,000. Akazima simu, akapanda gari la Isiolo mjini bila kuaga.

Mnaweza kukisia kikundi kilisema nini. "Amekula pesa." Walikuwa tayari kwenda kwa chifu. Tulipoketi na daftari, mstari kwa mstari, tuliona kwamba malipo ya mama mmoja, shilingi 600, yalikuwa yameandikwa mara mbili. Hakuna hata senti iliyopotea. Sanduku lilikuwa na 600 zaidi, nazo zilikuwa zake. Na kila aliponakili upya, alinakili kosa lile lile kwa mwandiko mzuri zaidi.

Nilimpata mjini nikamwuliza, "Dada yangu, si ungempa mwenyekiti daftari aangalie pamoja nawe? Ni kazi ya dakika kumi." Akasema, "Wangejua kwamba mimi si mtu wa hesabu." Tukaongea sana. Shuleni kila hesabu moja ya kukosa ilikuwa fimbo moja. Nyumbani akileta namba 2, baba anauliza namba 1 ni mtoto wa nani. Baba hakuwa mtu mbaya, aliuza ng'ombe wake amsomeshe. Lakini binti hakuwahi kusikia kwamba mtu anaweza kukosa hesabu na bado akawa mtu wa maana.

Wataalamu wa mambo ya akili wamelichunguza jambo hili. Wanasema kuna bidii ya kawaida, ya mtu anayependa kazi yake iwe nzuri, na kuna ile hali ya kutaka kila kitu kiwe bila doa kwa sababu doa ni aibu. Mwaka 1991 wasomi wawili wa Kanada, Paul Hewitt na Gordon Flett, waliigawa hali hiyo mara tatu: kuna anayejidai mwenyewe ukamilifu, kuna anayewadai wengine, na kuna yule anayeamini kwamba watu wote wanamngoja awe mkamilifu, la sivyo watamkataa. Huyu wa tatu ndiye anayeumia zaidi. Mwaka mmoja kabla yao, Randy Frost na wenzake wa Marekani walikuwa wametengeneza maswali ya kupima hali hii, na kati ya mambo waliyoyaweka ni mawili ya wazazi: wazazi wanatazamia nini, na wanalaumu namna gani. Kwa hivyo hata wenye vipimo waliona kwamba mambo haya hugusa mlango wa nyumbani.

Sisemi kila aliyechapwa huwa hivyo. Wengine huwa wakali, wengine huwa waongo hodari, wengine hupita salama kwa sababu nyanya alikuwa na mapaja ya kulalia. Wala si kiboko peke yake. Thomas Curran na Andrew Hill wa Uingereza walikusanya majibu ya wanafunzi zaidi ya 41,000 wa vyuo vya Marekani, Kanada na Uingereza, kuanzia 1989 hadi 2016, wakaona hisia ile ya "watu wananidai ukamilifu" imepanda sana. Huko hawachapwi kama sisi. Ni mashindano, na kujilinganisha na watu. Kwetu tuna yote mawili. Mnakumbuka jinsi matokeo ya KCPE yalivyokuwa yakitangazwa mpaka mtihani huo ulipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023? Mtoto mmoja anabebwa juu juu, na wa nyumba ya pili amejifungia ndani.

Mimi mwenyewe niliufanya mtihani huo zamani, ukiwa bado ni wa alama 700. Mwalimu wetu alimwekea kila mtu alama yake ya kufikia, na kwa kila alama iliyopungua alikuwa na kiboko. Nilipita vizuri. Kwa miaka mingi nilisema kiboko kile kilinisaidia. Halafu binti yangu akafika darasa la 5, akaniletea karatasi yenye wekundu mwingi, nikasikia mdomo wangu ukisema maneno ya yule mwalimu, moja kwa moja, hata sauti ilikuwa yake. Mtoto hakulia. Kuanzia siku hiyo akaacha kunionyesha karatasi. Hapo ndipo nilipojua ninalo pori langu mwenyewe, na kuna mtoto analala humo.

Namwona mzee hapo nyuma anatingisha kichwa. Karibu, mzee wangu, sema. (Mzee alisema: "Sisi tulichapwa na tukawa watu. Hawa wa leo hawachapwi na wanavuta bangi.")

Ahsante. Hilo ni swali la haki na sitaki kulikimbia. Tuna methali: mchelea mwana kulia hulia yeye. Naiamini. Mtoto asiyekatazwa kitu ni mzigo kwa kijiji kizima, na nidhamu si hiari. Lakini, mzee, methali hiyo inasema usiogope mtoto akilia. Haikusema lazima umlize kwa fimbo. Mtoto hulia pia akiambiwa, "Leo huendi kucheza, tunarudi wote wawili mahali ulipowaacha mbuzi, unionyeshe ulikuwa umeketi wapi." Hiyo ni adhabu, inauma, na mwisho wake mtoto amejifunza kuchunga. Na hao wa bangi ninaokutana nao, wengi walichapwa sana tu. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2019 uliwahoji vijana wetu wa Kenya, na kati ya wale wa miaka 18 hadi 24, karibu nusu ya wasichana na zaidi ya nusu ya wavulana walisema walitendewa ukatili kabla ya kufika miaka 18. Kwa hivyo viboko havijaisha. Vimekuwepo, na bangi imekuwepo pamoja navyo.

Sheria nayo muijue, msije mkashangaa. Kiboko kilikatazwa shuleni mwaka 2001. Katiba ya 2010, kifungu cha 29, inamlinda kila mtu na adhabu ya viboko. Sheria ya Watoto ya 2001 ilikuwa imemwachia mzazi nafasi ya kutoa adhabu ya kiasi. Ile ya 2022 iliyochukua mahali pake haina nafasi hiyo. Sikuja hapa kuwatisha na sheria. Najua iko kwenye karatasi na boma liko mbali na karatasi.

Wakristo wataniuliza juu ya Mithali 13:24, ile aya ya fimbo. Mchungaji wa mifugo anajua fimbo kuliko mhubiri. Ukimpiga ndama miguuni kila siku, je, atakufuata? Fimbo ya mchungaji huonyesha njia, huzuia, hufukuza mnyama mkali. Na Mtume Paulo, katika barua kwa Waefeso sura ya 6, anawageukia akina baba na kuwaonya wasiwachokoze watoto wao. Aya hiyo huwa hatuifundishi sana, sijui kwa nini. Labda kwa sababu wanaofundisha ni akina baba.

Kuna mtu mwingine katika Injili ya Luka, sura ya 15, ambaye nataka mumtazame. Sisi huongea juu ya mwana mpotevu, aliyekula mali akarudi. Mtazameni kaka yake. Huyu hakupoteza hata mbuzi mmoja. Alifanya kazi miaka yote, hakuvunja amri hata moja, na siku ya sherehe anasimama nje na hasira, hawezi kuingia. Anahesabu: nimefanya hiki, nimefanya kile, sikupewa hata mwanambuzi. Ameishi ndani ya nyumba ya baba kama mtu wa mshahara. Ukimtazama vizuri, asiyeweza kumsamehe ndugu yake, je, yeye mwenyewe angekosa siku moja angejisamehe? Naona vijana wengi wazuri wa parokia wakiwa huyu kaka. Baba alitoka nje akamsihi. Hakumchapa yule aliyepotea, wala huyu aliyenuna.

Dawa yake ni nini? Kuna mwanamke mmoja wa Marekani, Kristin Neff, aliyeandika mwaka 2003 juu ya kuwa na huruma kwa nafsi yako. Nikisema "kujihurumia" mtaelewa vibaya, mtafikiri ni kukaa chini na kujililia. Sivyo. Yeye anataja mambo matatu. Kwanza, ukikosa, jisemeshe kama ambavyo ungemsemesha rafiki yako aliyekosa. Pili, kumbuka kwamba kukosa ni kwa binadamu wote, si kwako peke yako. Tatu, litazame kosa kwa ukubwa wake wa kweli, usilifiche na usilikuze. Mbuzi 3 ni mbuzi 3, si mwisho wa ukoo.

Hilo la pili Waborana hamhitaji kufundishwa na Marekani. Mnayo busaa gonofaa. Mtu akipoteza mifugo yake kwa ukame au kwa kuvamiwa, ukoo hukaa na kumtolea mifugo aanze tena. Hakuna anayemwuliza mbona hukuwa mkamilifu. Inajulikana kwamba leo ni yeye, kesho ni mimi. Tuna huruma kubwa hiyo kwa mtu mzima aliyepoteza ng'ombe 50, na mtoto aliyepoteza mbuzi mmoja hapati hata kidogo. Na ndugu zetu Waislamu, mkianza kazi mnaanza kwa Bismillahi, na yale majina mawili ya Mwenyezi Mungu yanayofuata yote ni ya rehema. Hiyo rehema iingie pia katika daftari la mtoto.

Wengine watasema huruma namna hii ni kufuga uvivu. Juliana Breines na Serena Chen, wa Chuo Kikuu cha California, walilijaribu jambo hilo wakaliandika mwaka 2012. Waliwapa wanafunzi mtihani mgumu, wengi wakafanya vibaya. Kundi moja likaambiwa lijitazame kwa upole, kwamba kukosa mtihani kama huu ni kwa kawaida. Jingine likasifiwa kwamba lina akili. Jingine likaachwa hivyo hivyo. Kisha wote wakapewa nafasi ya kusoma kabla ya mtihani wa pili. Waliosoma muda mrefu zaidi ni wale wa upole. Mimi sioni ajabu. Asiyeogopa kosa lake hulifungua akaliangalia. Anayeliogopa hulinakili mara tatu kwa mwandiko mzuri.

Sasa tuje kwenye vikundi, kwa sababu hii si habari ya watoto tu. Ninyi nanyi mna viboko vyenu, mnaviita faini. Kuchelewa, faini. Simu ikilia, faini. Hizo sina neno nazo, zinaleta pesa na kicheko. Lakini vikundi vingine vina faini ya mweka hazina akikosa hesabu, tena kubwa, na husomwa mbele ya wote. Nawauliza: mtu huyo akigundua kosa usiku, faini ile inamsukuma kulileta asubuhi, au inamsukuma kwa mkopo wa simu? Nawasihi mfikirie kanuni mbili. Kosa likisemwa na mwenyewe kabla ya kuulizwa, hakuna faini. Likifichwa, hapo ndipo faini. Na sanduku lihesabiwe na watu wawili kila mara, hata kama mweka hazina ni malaika, kwa maana malaika akiachwa peke yake na pesa za watu hupata woga kama sisi.

Nyumbani vile vile. Mtoto akikuletea habari mbaya, mshukuru kwanza kwa kuileta, halafu ndipo mshughulikie mbuzi. Kwa mpangilio huo. Najua ni vigumu ukiwa na njaa na jua limekuchoma, mimi hunishinda mara nyingi. Ikikushinda, rudi jioni umwambie mtoto, "Nilikosea kukusemesha vile." Wazee wengine wanaona hiyo ni kujishusha. Lakini mtoto atajifunza wapi kwamba mkubwa anaweza kukosa na asianguke, kama hajamwona mkubwa akifanya hivyo?

Na jambo moja la uzito. Kijana akianza kusema kwamba heri asingezaliwa, au anagawa vitu vyake, au amenyamaza ghafula baada ya matokeo, usiseme anataka kuangaliwa tu. Kaa naye, usimwache peke yake usiku, mpelekeni hospitali. Watu waliogopa zamani kwa sababu kujaribu kujiua kulikuwa ni kosa la jinai. Mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Msimfiche kwa kuogopa polisi. Na mtoto anayeteswa, au jirani anayeona, anaweza kupiga 116 bila malipo, mchana na usiku.

Mtauliza yule binti yuko wapi. Amerudi. Kikundi kilimrudishia 600 zake, na wakalipa pamoja sehemu ya lile deni la simu, kwa mabishano kidogo. Hajakubali kushika daftari tena. Mwezi uliopita alikubali kusoma hesabu kwa sauti huku mwenzake akiandika. Katikati akakosea mstari, akasimama, tukanyamaza wote. Akasema, "Ngojeni, nimeruka." Akarudi nyuma akasoma tena.

Haya, nimewachelewesha. Leteni sanduku, na wawili waje hapa mbele tuhesabu.